Raba ya Mlango na Raba ya Mguu

Wahenga walilonga kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta. Methali hii nimeiandika katika insha zangu tangu nikiwa shule ya msingi, na kila mara mwalimu aliipigia alama ya vyema bila swali. Lakini ndugu msomaji, kuandika methali ni jambo moja na kuifuata ni jambo lingine. Mimi ufa wangu niliuziba, tena kwa mikono yangu miwili, na bado nusura tukae matangani.

Makala haya yanahusu raba ya mlango wa gari. Namaanisha ule mpira mweusi unaozunguka mlango, ambao wengi wetu huuona kama pambo tu. Nitaeleza kazi yake, sababu za kuchakaa kwake na namna ya kuubadilisha hatua kwa hatua, maana kwa magari makuukuu yanayotembea huku kwetu, kazi hii hakuna asiyeweza kuhitaji kuifanya siku moja. Na maadamu Chama chetu cha Kiswahili kimenipa ukurasa, nitaungama pia kosa langu. Naomba msinicheke kabla hamjafika mwisho.

Nyumbani kwetu ni hapa hapa Maseno, kwenye barabara ya kuelekea Kombewa. Marehemu babu alituachia gari aina ya Peugeot 504, lile refu lenye viti vya mistari mitatu na mlango mkubwa wa nyuma unaofunguka kwenda juu. Wenzangu hulicheka, lakini waulizeni wazee. Gari la 504 lilitokea Ufaransa mwaka wa 1968, na mwaka wa 1969 likachaguliwa kuwa Gari la Mwaka barani Ulaya. Katika mashindano ya Safari Rally hapa Kenya lilishinda mwaka wa 1975 likiendeshwa na Ove Andersson wa Uswidi, na tena mwaka wa 1978 likiendeshwa na Jean-Pierre Nicolas wa Ufaransa. Kwa miaka mingi magari haya marefu ndiyo yaliyobeba abiria wa safari za mbali kama vile Kisumu hadi Nairobi. Kwa hivyo gari letu ni kongwe, ndiyo, lakini ni mzee mwenye historia.

Gari hilo ndilo linalotulisha. Mama huuza maharagwe na nguo za mitumba katika soko la Luanda, na siku nyingine huenda Kibuye mjini Kisumu. Mjomba ndiye dereva. Mama hukaa mbele, na dada yangu mdogo, kitinda mimba wetu mwenye umri wa miaka minane, hukaa nyuma kabisa karibu na magunia. Kiti hicho anakipenda kwa sababu kutoka pale anaona barabara ikikimbia kinyumenyume.

Masika yalipoanza, mvua za huku kwetu mnazijua. Asubuhi jua kali, alasiri wingu linapanda kutoka upande wa ziwa, na kabla hujaanua nguo umelowa. Basi wiki moja mama alifungua gunia la maharagwe lililokuwa limekaa nyuma ya gari na kukuta yameota mizizi kama kitalu cha shule! Maji yalikuwa yakiingia kupitia mlango wa nyuma. Raba yake ilikuwa imekauka, imepasukapasuka, na kwenye kona moja haikuwepo kabisa.

Mama alinipa shilingi 2,500 niende Kisumu kununua mita tano za raba. Ndiyo, nilienda. Dukani niliambiwa kwamba pesa zote hizo zingeisha. Nikasema nitarudi, kisha nikapita Kibuye kutazama tu. Kumbe macho hayana pazia! Niliona viatu vya raba vyeupe, vya mitumba lakini vinang'aa kama vipya. Shetani akaninong'oneza, "Kwa nini mlango uvae raba mpya na wewe uvae viatu vilivyochoka?" Nikanunua sponji ya godoro iliyokatwa vipande virefu, nikanunua na gundi, na zilizobaki zikaenda miguuni mwangu. Nyumbani nikabandika sponji juu ya raba ile ya zamani. Mama akaniambia, "Asante mwanangu, umenisaidia." Nilitazama chini, na chini nikaona viatu.

Mambo yakaanza siku ya soko iliyofuata. Dada alishuka kwenye gari analia kichwa. Siku nyingine akatapika. Mjomba akasema ni kichefuchefu cha safari. Mara ya tatu alishuka akiyumba kama mtu aliyeamshwa usingizini, na mama akampeleka kupimwa malaria. Hakuwa na malaria. Jioni alikuwa akicheza kama kawaida. Tukabaki tunashangaa ni ugonjwa gani huu unaokuja siku za soko tu.

Aliyetegua kitendawili hicho ni fundi mmoja wa jua kali, mzee wa upande wa Luanda. Mjomba alikuwa amempelekea gari kwa shida ya breki, nami nilikuwa nimeandamana naye. Fundi alipofungua mlango wa nyuma ili atoe gurudumu la akiba, alisimama kimya. Akapitisha kidole chake ukingoni mwa mlango, upande wa ndani. Kidole kikatoka cheusi tititi.

"Hii masizi imetoka wapi?" akauliza. Kisha akabonyeza sponji yangu, ikatiririsha maji. "Na hii ni nini? Hii ni raba ama ni godoro?"

Mjomba akanigeukia. "Okewa, si wewe ndiye uliweka?" Okewa ni neno la Kijaluo ambalo mjomba humwita mtoto wa dada yake, na kwa kawaida nikiitwa hivyo hufurahi. Siku hiyo sikufurahi.

"Nani anakaa huku nyuma?" fundi akauliza tena.

"Dada yangu," nikajibu.

"Anaumwa kichwa?"

Ndugu msomaji, hapo miguu iliishiwa nguvu ndani ya zile raba nyeupe.

Sasa nieleze alichotueleza mzee yule, pamoja na yale niliyokuja kuyathibitisha kwa walimu wetu wa Fizikia na Kemia. Gari refu lenye mgongo wa kunyooka linapokwenda mbio, hewa hupasuliwa na pua ya gari, ikapita juu na kando, na kuacha nyuma ya gari mahali penye kani ndogo ya hewa. Moshi wa ekzosi ukitoka huzungukazunguka papo hapo nyuma ya mlango, haukimbii mbali. Vioo vya mbele vikiwa wazi kidogo, hewa ya ndani huvutwa nje kupitia vioo hivyo. Basi ni lazima hewa nyingine iingie kuchukua nafasi yake. Itaingilia wapi? Itaingilia penye tundu. Tundu likiwa kwenye mlango wa nyuma, kinachoingia ni moshi.

Na ndani ya moshi wa petroli mna gesi iitwayo kaboni monoksaidi. Gesi hii haina rangi, haina harufu, haina ladha. Ukisikia harufu ya moshi, hiyo ni harufu ya vitu vingine vilivyoandamana nayo. Gesi hii ikiingia kwenye damu hushikana na himoglobini kwa nguvu inayopita ile ya oksijeni zaidi ya mara 200, hivyo oksijeni hukosa pa kukaa. Dalili zake za mwanzo ni kuumwa kichwa, kizunguzungu, kichefuchefu na uchovu, ndiyo maana watu huidhania kuwa malaria au kichefuchefu cha safari. Akizidi kuivuta, mtu husinzia, akazimia, na huenda asiamke. Magari ya zamani yenye kabureta, ambayo hayana kile kifaa cha kusafishia moshi kilichomo kwenye magari ya kisasa, huitoa kwa wingi zaidi. Kwa hivyo raba ya mlango ina kazi tatu: huzuia maji, huzuia vumbi, na kwenye mlango wa nyuma huzuia kifo.

Niliungama siku hiyo hiyo. Mama hakunichapa wala hakupaza sauti. Alimpakata dada, akanyamaza kwa muda mrefu, kisha akasema, "Pesa ingerudi. Mtoto hangerudi." Dada alipelekwa hospitalini, na daktari akatuambia kwamba ana bahati kwa sababu safari zetu ni fupi na kila mara alikuwa akishuka na kuvuta hewa safi.

Adhabu yangu aliitoa fundi. Aliniambia, "Wewe ndiye uliharibu, wewe ndiye utatengeneza. Mimi nitakuonyesha tu." Na hivi ndivyo alivyonionyesha.

KUJUA KAMA RABA IMEKUFA

Kwanza tuone mpira hufa vipi. Mpira wa asili hutokana na utomvu wa mti. Ukiwa mbichi hunata kwenye joto na hukakamaa kwenye baridi. Mwaka wa 1839 Mmarekani Charles Goodyear aligundua kwamba ukichanganywa na salfa na kupashwa moto, mpira hupata nguvu na hurudi katika umbo lake kila unapovutwa. Hiyo ndiyo valkanaizesheni tunayosoma katika Kemia. Lakini mpira huo bado una maadui: miale ya jua, joto na gesi ya ozoni iliyomo hewani kwa kiasi kidogo. Ozoni huushambulia mpira hasa mahali unapokunjwa au kuvutwa, ukapata nyufa ndogondogo. Nasi hapa Maseno tuko kwenye mstari wa Ikweta wenyewe, tena juu ya mlima mdogo, kwa hivyo jua tunalipata bila kupunguziwa. Siku hizi raba nyingi za milango hutengenezwa kwa mpira wa viwandani uitwao EPDM, ambao huvumilia jua na ozoni vizuri zaidi kuliko mpira wa asili. Hata hivyo, nao ukibanwa na mlango miaka nenda miaka rudi hubaki bapa, hauinuki tena.

Ili kujua hali ya raba kuna majaribio manne yasiyohitaji hata senti moja.

La kwanza ni la karatasi. Weka kipande cha karatasi ukingoni mwa mlango, ufunge, kisha uvute karatasi. Ikikataa kidogo kabla ya kutoka, raba ni hai. Ikichomoka tu kama barua kwenye bahasha, hapo hapabani. Rudia kila baada ya shubiri moja hadi umalize kuuzunguka mlango.

La pili ni la chaki. Paka chaki juu ya raba yote, ufunge mlango na kuufungua tena. Utaona mstari mweupe kwenye bati. Mstari ukikatika mahali, hapo ndipo penye mwanya.

La tatu ni la tochi. Usiku, mtu mmoja akae ndani na tochi aimulike polepole kufuata ukingo wa mlango. Aliye nje akiona mwanga, moshi na maji vimekwisha kuiona njia hiyo kabla yake.

La nne ni la maji. Mmoja akae ndani, mwingine amwage maji kwa debe au bomba, akianza chini na kupanda juu kidogo kidogo. Ukianzia juu, maji yatateremka kila mahali nawe hutajua yameingilia wapi.

BAWABA KWANZA, RABA BAADAYE

Hapa ndipo watu wengi hupoteza pesa. Fundi aliuinua mlango mmoja wa pembeni kwa mkono, nao ukacheza juu chini kama jino la mzee. "Unaona? Mlango imelala. Ukiweka raba mpya hapa, itakula upande mmoja na upande ingine itaacha wazi." Ikiwa pini za bawaba zimelika, zibadilishwe kwanza. Kisha angalia kile chuma kwenye nguzo ambacho kitasa hukishika. Aghalabu hufungwa kwa skrubu, na chaweza kusogezwa ndani au nje kidogo ili mlango ubane sawasawa. Raba mpya haiponyi mlango uliopinda.

KUNUNUA

Raba si kamba, kwamba yoyote yafaa. Kuna zinazobandikwa kwa gundi, kuna zinazoshikiliwa na vipini vidogo, na kuna zile zenye mdomo wenye chuma ndani, ambazo hubana ukingo wa bati zenyewe bila gundi. Ya mlango wetu wa nyuma ilikuwa ya aina hii ya tatu. Kata kipande cha raba ya zamani chenye urefu wa kidole uende nacho dukani. Kikate mahali ambapo haikubanwa sana, maana iliyobanwa imekwisha kuwa nyembamba nayo itakudanganya.

Tazama mambo mawili: unene wa ile sehemu laini inayogusa mlango, na upana wa mdomo unaoshika bati. Raba ikiwa nyembamba mno, itavuja. Ikiwa nene mno, mlango utakataa kufunga, watu wataubamiza, na mwisho wake ni kuvunja kioo au kuharibu kitasa. Kuhusu urefu, zungusha uzi ukingoni mwa mlango, uupime, kisha ongeza kidogo. Wetu ulikuwa karibu mita nne na nusu, ndiyo sababu mama alikuwa ametumwa mita tano.

KUTOA NA KUSAFISHA

Raba ya kubana huvutwa kwa mkono, ukianzia pale ilipoungana. Ya vipini hutolewa kwa bisibisi bapa iliyozungushiwa kitambaa ili isikwaruze rangi. Ya gundi ivute polepole gari likiwa limepigwa na jua, maana gundi hulainika.

Baada ya hapo ndipo kazi yenyewe. Nilikuta chini ya sponji yangu kutu nyekundu kama udongo. Sponji hunywa maji na kuyaweka, kwa hivyo kila siku nilikuwa nikiloweka bati la babu. Nilikwangua gundi kwa kisu butu, nikapangusa mabaki kwa kitambaa chenye thina kidogo. Angalia sana hapa: thina hushika moto upesi na mvuke wake ni mbaya, kwa hivyo fanya kazi hii nje penye upepo, mbali na jiko na sigara. Kisha nikapiga msasa hadi bati likang'aa, nikapaka rangi ya kuzuia kutu, na kulipokauka nikapaka rangi ya juu. Nilitaka kuendelea jioni hiyo hiyo. Fundi akasema, "Wacha haraka. Lala, urudi kesho." Mahali ukingo wa bati ulipokuwa umepinda, tuliunyoosha kwa nyundo ndogo huku tumeweka kibao upande wa pili.

KUVISHA RABA MPYA

Sasa fungua macho, maana hii ndiyo siri ya kazi yote.

Anzia chini, katikati, ili kiungo cha raba kikae chini. Kiungo kikikaa juu, maji ya mvua yatakiingia kila siku. Sukuma raba kwenye ukingo kwa kiganja, kisha uigongegonge kwa nyundo ya mpira ili ikae vizuri.

USIIVUTE. Maneno haya fundi aliyarudia mpaka nikayaota. Ukiivuta raba ili ifike, leo itafika, lakini baada ya siku chache itajirudi na kuacha pengo, hasa kwenye kona. Badala ya kuivuta, isukumie kidogo kwenye kona, iwe na nafasi ya kupumua.

Ukikamilisha mzunguko, usikate haraka. Acha ziada ya kama sentimita moja, ukate kwa kisu kikali kwa mkato ulionyooka, kisha uzisukume ncha mbili zikutane kwa nguvu. Paka gundi ya mpira kwenye kiungo hicho. Funga mlango polepole na uuache umefungwa usiku kucha ili raba ijifunze umbo. Siku za kwanza mlango utakuwa mgumu. Usiubamize, usukume kwa mkono. Halafu rudia majaribio yote manne.

Kuna jambo moja la kuhadhari. Chini ya milango ya pembeni kuna vitundu vidogo. Nilipoviona nikataka kuviziba kwa gundi nikidhani ni kuvuja. Fundi alinishika mkono. Kumbe maji ya mvua yanayoteremka kwenye kioo huingia ndani ya mlango na hutakiwa kutokea kwenye vitundu hivyo. Ukiviziba, mlango utaoza kutoka ndani. Vizibue kwa waya kila baada ya vumbi na matope.

RABA PEKE YAKE HAITOSHI

Tulipomaliza, nilidhani tumeshinda. Fundi akalala chini ya gari na kututolea habari nyingine: ekzosi ilikuwa na tundu kwenye kiungo, na sakafuni chini ya zulia palikuwa na tundu la kutu lenye ukubwa wa sarafu. Raba nzuri haizuii moshi unaoingilia sakafuni. Tuliviziba vyote, tukakagua na mpira wa taa za nyuma. Kwa hivyo ukiona raba ya nyuma imekufa, kagua njia zote za moshi kwa pamoja.

Na ikiwa uko safarini ukasikia harufu ya moshi ndani ya gari, au abiria wawili watatu wakaanza kuumwa kichwa wakati mmoja, mwambie dereva asimame. Shukeni nyote mvute hewa safi. Anayesinzia au kuyumba apelekwe hospitalini, na daktari aambiwe habari za moshi. Usisafiri na mlango wa nyuma ukiwa wazi eti kwa sababu umebeba kitanda au mahindi. Usiache injini ikinguruma ndani ya chumba kilichofungwa.

Kutunza raba ni rahisi. Ioshe kwa maji na sabuni, uikaushe, uipake poda ya watoto au silikoni mara kwa mara. Usiipake mafuta ya injini wala grisi, maana mpira mwingi huvimba na kulegea kwa mafuta hayo. Ukipata kivuli, egesha hapo.

Sasa nimalizie deni langu. Pesa za kununulia raba ya kweli zilitoka wapi? Nilifagia karakana ya mzee yule kwa muda uliobaki wa likizo, na zile raba nyeupe niliziuza kwa hasara. Aliyezinunua yumo humu shuleni, na yamkini amezivaa anaposoma makala haya. Ndugu yangu, zivae kwa amani. Wewe hukuiba.

Dada bado anakaa kile kiti cha nyuma akitazama barabara ikikimbia kinyumenyume. Kila siku ya soko, kabla mjomba hajawasha gari, mimi nikiwa nyumbani huzunguka nyuma na kipande cha karatasi, nikakibana mlangoni na kukivuta. Mjomba hunicheka na kuniita mkaguzi wa serikali. Namwacha acheke. Karatasi ikikataa kutoka, ndipo nampungia mkono aende.